Sura ya Tano: Namba Zinapanda, Hazishuki

Kila mwaka, mwezi Machi, walimu wakuu wa shule za msingi Tanzania hujaza takwimu za shule zao. Wavulana wangapi, wasichana wangapi, wa umri gani, darasa gani. Madawati yaliyopo na yanayopungua. Matundu ya vyoo, nyumba za walimu, vitabu, wanafunzi wenye ulemavu, walioacha shule na sababu za kuacha. Takwimu hizo hupanda kwa afisa elimu kata, zikaenda halmashauri, mkoani, TAMISEMI na wizarani, na mwisho wa safari hutoka kitabu kinene ambacho wafadhili na watafiti hukinukuu kwenye ripoti zao. Mwalimu aliyezunguka nyuma ya jengo kuhesabu matundu ya vyoo kwa kidole hakioni kitabu hicho. Akikiona, haoni shule yake humo, kwa kuwa imekwisha kumezwa na wastani wa wilaya.

Ndivyo takwimu za elimu zilivyo kwetu: zinapanda, hazishuki. Mwalimu ni karani wa kuzikusanya. Akishazikabidhi, anasubiri kuombwa nyingine. Si ajabu walimu wengi wanaziona ni mali ya wakubwa, sawa na gari la ukaguzi.

Nitakachokisema katika sura hii ni kwamba mwalimu ana mikononi mwake takwimu nzito kuliko za wizara, na kwamba takwimu hizo hugeuza mambo pale tu zinapowekwa mbele ya watu wanaoweza kutenda: wazazi, kamati ya shule, serikali ya kijiji, diwani. Ziko nchi na miaka ambapo jambo hili liliwezekana. Zipo pia zilipoishia hewani, nazo nitazitaja.

Tuanze na daftari la mahudhurio, kwa kuwa kila mwalimu wa darasa analo. Majina yamepangwa kushoto, siku za juma juu, na kila mtoto ana kisanduku chake kwa kila siku. Chini kuna jumla ya waliofika. Tumezoea kulisoma kwa mlalo: fulani hakuja siku tatu, aitwe, amlete mzazi. Kwa mlalo daftari humsema mtoto. Lisome kwa wima na utaona linasema siku.

Tuseme shule iko kwenye kijiji cha korosho, upande wa Masasi au Newala. Mwalimu wa darasa la nne anachukua rula, anaisimamisha kwenye siku ya gulio, anahesabu waliokosa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha anafanya hivyohivyo kwa wiki za kuokota korosho, kuanzia Oktoba. Halafu anauliza swali ambalo fomu ya Machi haimuulizi: ni akina nani hao? Je, ni wasichana wakubwa wanaoachiwa wadogo zao mama akienda gulioni? Ni wavulana wa umri fulani? Ni watoto wa kitongoji kimoja kilicho ng'ambo ya mto, ambao masika hupotea wote kwa pamoja na kiangazi hurudi wote kwa pamoja? Kazi hiyo inataka daftari la mwaka mzima, rula, karatasi moja na asubuhi ya Jumamosi. Mtafiti kutoka Dar es Salaam hahitajiki.

Na majibu yake si ya aina moja. Watoto wa ng'ambo ya mto ni hoja ya kivuko, na kivuko kinamhusu diwani. Wasichana wa siku ya gulio ni hoja ya kuzungumza na akina mama, pengine ya mtu mmoja kukaa na watoto wadogo kwa zamu. Watoto wa msimu wa korosho ni hoja ngumu zaidi, maana hapo kuna fedha ya familia, na mwalimu anayekwenda na vitisho vya kuwashtaki wazazi atapata mahudhurio ya wiki mbili na chuki ya mwaka mzima. Daftari lilelile limetoa matatizo matatu, na kila tatizo lina mlango wake wa kubisha.

Lakini daftari nalo hudanganya. Yapo yanayojazwa Ijumaa mchana kwa wiki nzima. Yapo yenye majina ya watoto waliohama zamani. Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilipangwa kwa hesabu ya vichwa, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na hapo kila jina likawa na bei. Uhakiki uliofanyika mwaka huohuo uliibua wanafunzi hewa kwa maelfu. Ukiifunga namba na fedha au adhabu, namba huanza kumpendeza anayeisoma.

Watafiti wanalijua hilo. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walipofuatilia shule 75 za wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998, hawakulitegemea daftari. Watu wao walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu watoto waliokuwepo kwa macho. Walikuwa wakipima kama dawa ya minyoo inaweza kuwarudisha watoto darasani. Walipochapisha matokeo mwaka 2004 walisema utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa kiasi cha robo, na kwamba hata watoto wa jirani ambao hawakumeza kidonge walinufaika, kwa kuwa minyoo ilipungua kijijini. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizichambua upya namba hizo na ubishi ukawa mkali kuhusu ukubwa wa mafanikio. Kenya ilikuwa imekwisha kuanza mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni tangu 2009.

Mimi ukubwa wa asilimia naweza kuwaachia wabishane. Kinachonigusa ni kwamba mtoto yule wa Busia daftarini alikuwa mtoro, kumbe tumboni alikuwa mgonjwa. Na hapa kuna kasoro kubwa ya takwimu zetu wenyewe. Katika vitabu vya takwimu vya Tanzania, sababu inayoongoza kwa mbali sana ya watoto kuacha shule ya msingi, mwaka baada ya mwaka, ni utoro. Mimba, vifo, ugonjwa na mahitaji ya familia hugawana sehemu ndogo iliyobaki. Sasa utoro ni sababu gani? Kusema mtoto ameacha shule kwa utoro ni kusema ameacha shule kwa sababu haji shule. Safu hiyo ya fomu inamshtaki mtoto na kuwaachia huru wengine wote: mzazi, shule isiyo na chakula cha mchana, mwalimu mwenye fimbo, umbali, na hata mto.

Mwalimu hana mamlaka ya kubadili fomu ya wizara. Ana mamlaka ya kuongeza safu yake mwenyewe kwenye daftari la mazoezi la shilingi mia kadhaa: alikuwa wapi? Shambani. Anauguza. Analea. Hana sare. Hakula tangu jana. Aandike kwa neno moja, siku mtoto anaporudi, amuulize kwa upole na si mbele ya wenzake. Muhula ukiisha atakuwa na jambo ambalo ofisi ya halmashauri haina.

Safu zina nguvu kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi, msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifutwa kwenye orodha ya shule, na alichobaki nacho ni kuhesabiwa miongoni mwa walioacha. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Siku hiyo orodha ya waliofutwa, iliyokuwa kumbukumbu tu ya kabatini, iligeuka orodha ya kazi: majina ya wasichana wenye makwao, wanaoweza kufuatwa mmoja mmoja. Shule iliyokuwa imeitunza vizuri ilikuwa na pa kuanzia. Ile iliyoandika "utoro" ilibaki kukisia.

Sasa niende kwenye jaribio kubwa kuliko yote ambalo Afrika Mashariki imelifanya la kuzishusha namba hadi kwenye mkeka wa nyumbani. Mwaka 2009 ilianzishwa Uwezo, chini ya Twaweza, katika Kenya, Tanzania na Uganda. Mfano wake ulitoka India, ambako shirika la Pratham lilikuwa limeanza upimaji wa aina hiyo mwaka 2005. Wazo lilikuwa jepesi. Vijana wa kujitolea kutoka eneo lilelile wanapita nyumba kwa nyumba, wanamketisha mtoto, wanampa karatasi. Silabi. Maneno. Aya. Hadithi fupi. Upande mwingine hesabu: kutambua namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Kiwango ni cha darasa la pili, hata kama mtoto yuko la sita. Mama yuko palepale, pengine anachambua mchele, anasikia mwanawe akikwama kwenye "maneno". Majibu anayapata hapohapo.

Namba zilizotoka zilitikisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, upimaji wa Tanzania ulionyesha kuwa takriban watatu tu kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ndio waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Magazeti yaliandika, wabunge wakahoji. Kisha Februari 2013 yakaja matokeo ya kidato cha nne ambapo karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukajikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Sitadai kwamba ni Uwezo pekee iliyoleta mabadiliko hayo. Lakini baada yake hakuna waziri aliyeweza tena kutaja idadi ya walioandikishwa akaishia hapo bila kuulizwa wamejifunza nini.

Juu, basi, namba zilifanya kazi. Chini je? Hapa ndipo matokeo yalipovunja moyo. Watafiti watatu wa Marekani, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walikwenda vijijini Kenya kulinganisha wazazi waliopata majibu ya Uwezo, pamoja na vipeperushi vya nini wafanye, na wazazi ambao hawakupata. Utafiti wao, uliochapishwa 2014, haukuona tofauti ya maana. Wazazi walioambiwa kwamba mtoto hajui kusoma hawakwenda shuleni zaidi ya wengine, wala hawakumsaidia mtoto nyumbani zaidi ya wengine. Walichoeleza watafiti hao ni mnyororo: habari ili iwe tendo, mzazi lazima aielewe, aione ni mpya, aijali, aamini ni jukumu lake, ajue la kufanya, awe na uwezo wa kulifanya na aamini kwamba akilifanya litaleta matokeo. Pete moja ikikatika, basi.

Mimi naongeza pete ambayo mara nyingi inasahauliwa: mwalimu. Mzazi alielezwa tatizo na kijana wa kujitolea, siku ya mapumziko, kwenye kiwanja cha nyumba yake. Mwalimu hakuwepo, na kama habari ilimfikia, ilimfikia kama shtaka. Mzazi mwenye elimu ya darasa la nne ataingiaje ofisini kumuuliza mwalimu kwa nini mwanangu hajui kusoma? Wengi wetu tuliosoma tusingethubutu.

Linganisha na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili Tanzania walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadili, wakaondoka na kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na kiongozi huyo alijua kwamba kikundi kitakutana tena na mambo yataulizwa. Taarifa ilikuwa nyepesi kuliko ya Uwezo. Kilichokuwa kizito ni mkutano unaofuata. Miaka hiyohiyo ya 1970, wasomi wa Dar es Salaam wakiwa vijijini Bagamoyo, akiwamo Marja-Liisa Swantz kupitia mradi wa Jipemoyo, walikuwa wakijenga utafiti ambamo wanakijiji wanauliza maswali wao wenyewe. Dunia nzima imeuchukua utafiti shirikishi kama bidhaa ya vyuo vya kigeni, ilhali sehemu kubwa ya mizizi yake iko hapa.

Karatasi ya Uwezo ingeweza kufanya nini ikiwa mikononi mwa mwalimu? Jibu lipo India na sasa liko Afrika pia. Mwalimu anampima kila mtoto kwa dakika chache, kisha kwa saa moja kwa siku anawapanga kwa kiwango badala ya darasa: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja. Baada ya wiki kadhaa anapima tena na kuwahamisha. Mtoto wa darasa la tano anayekaa na wa silabi haoni aibu sana iwapo wenzake wanne wapo naye na wote wanahama. Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioanza 2015, ilifanya jambo linalokaribiana nalo kwa upande wa walimu: maafisa wa mtaala walipewa tableti, wakaingia darasani, wakatazama somo, wakawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakakaa na mwalimu palepale kuzungumzia walichokiona. Namba ilipanda kwenda kaunti, ndiyo, lakini ilipita kwanza kwa mwalimu. Nadhani ni mpangilio bora kuliko mingi tuliyowahi kuwa nayo.

Kuhusu fedha, kisa ni cha Uganda na kinajulikana sana, ingawa walimu wa kwetu hawakisimuliwi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya miaka ya 1991 hadi 1995 na kukuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wapo waliopinga kwamba sifa zote ziende kwa magazeti, kwa kuwa mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea, nao wana hoja. Lakini shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa ndizo zilizopata nafuu zaidi, na walimu wakuu wa shule hizo ndio waliojua haki yao ni kiasi gani. Mwalimu mkuu asiyejua anachodai ataambiwa fedha haijaja, na ataondoka akishukuru.

Tanzania, tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza 2002, shule zimetakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Katika shule nyingi ubao huo uko ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, juu ya kabati, mahali ambapo mzazi hafiki ila ameitwa kwa kosa la mtoto. Ruzuku yenyewe, hata ikifika yote, si mwisho wa habari. Jaribio la KiuFunza, lililofanywa katika shule 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014, lilionyesha kwamba kuongeza fedha za ruzuku peke yake hakukuinua ujuzi wa watoto. Zilipounganishwa na motisha kwa mwalimu kutokana na mtoto kujifunza, ndipo matokeo yakapanda.

Zipo hatari, nisizifiche. Kupanga shule kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho, kulizoesha shule nyingi kuwachuja watoto dhaifu ili wasiharibu wastani. Kenya ilitangaza kuuacha upangaji huo mwaka 2014, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule na wanafunzi bora Januari 2023. Mwalimu anayebandika ukutani majina ya watoto wasiojua kusoma anafanya kosa lilelile kwa kiwango cha kijiji, na siku hizi anaweza pia kuvunja sheria: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Peleka idadi mkutanoni, majina yabaki kabatini.

Hatari nyingine ni ya kisiasa. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania ililizuia shirika la HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa kwa namna iliyowatisha wengi waliotaka kusema namba isiyolingana na ya serikali, kabla ya kulegezwa mwaka uliofuata. Mwalimu ni mtumishi wa umma na ana mwajiri. Simshauri aende redioni. Namshauri aanzie mahali ambapo ana haki kamili ya kusema, kwenye kamati ya shule anayokaa nayo, na namba alizozihesabu mwenyewe kwenye daftari lake mwenyewe, zikieleza tatizo ambalo waliopo wanaweza kulitatua. Mwalimu akisema "watoto 31 wa ng'ambo ya mto hukosa shule masika nzima" hajamtukana mtu. Ameomba kivuko.

Kwa hiyo ombi langu kwako mwalimu ni dogo. Muhula huu chagua swali moja tu. Lisome daftari lako kwa wima, ongeza safu ya "alikuwa wapi", na hesabu. Kisha mwone mtendaji wa kijiji: mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na ajenda yake huandaliwa mapema. Omba dakika kumi. Na usitoke mkutanoni kabla haijaandikwa kwenye muhtasari nani atafanya nini, na lini mtaulizana.